Kusimamia Nyumba za Kupangisha kwa Faida: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Biashara ya kusimamia nyumba za watu hulipa kidogo kwa kila nyumba. Katika masoko mengi, ada ya usimamizi wa nyumba za makazi huwa kati ya asilimia 8 na 12 ya kodi inayokusanywa, na humo humo unatakiwa umlipe mfanyakazi, usafiri, simu, bima na kodi ya mapato. Wengi wanaofunga ofisi hawafungi kwa kukosa wateja. Hufunga wakiwa na wateja tele, ila nyumba chache korofi zimemeza saa zote ambazo nyumba nzuri zilikuwa zinalipia. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inarudi kwenye mambo mawili: nyumba hii inakula saa ngapi, na fedha zilizo mikononi mwako ni za nani.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kutafuta mteja

Chukulia kodi ya kila nyumba ni 100 kwa mwezi, kwa fedha yoyote unayotumia, na ada yako ni asilimia 10. Ukiwa na nyumba 40 na zote zimelipa, unaingiza 400. Mfanyakazi, ofisi, usafiri na bima vikigharimu 250, unabaki na 150. Sasa nyumba 4 zikae tupu au wapangaji wake wasilipe. Mapato yanashuka hadi 360, lakini matumizi yako hayashuki. Unabaki na 110. Upungufu wa asilimia 10 kwenye kodi umekata zaidi ya robo ya faida yako. Ndiyo maana kujaza nyumba haraka na kukusanya kodi kwa wakati ni kazi ya kwanza ya msimamizi, na mengine yote yanafuata.

Kisha hesabu saa. Kwa mwezi mmoja tu, andika muda unaotumia kwa kila nyumba: simu, safari, ujumbe, mafundi, malalamiko. Gawanya ada ya nyumba kwa saa hizo. Utagundua kwamba nyumba ya kodi ndogo mara nyingi inahitaji kazi ileile ya nyumba ya kodi kubwa, au zaidi, kwa sababu vifaa vyake ni vya bei rahisi na vinaharibika upesi. Weka basi kiwango cha chini cha ada: asilimia kadhaa ya kodi, au kiasi fulani kisichopungua, chochote kilicho kikubwa. Usione haya kukitaja.

Mapato mengine halali ni ada ya kupata mpangaji (mara nyingi kuanzia nusu ya kodi ya mwezi hadi kodi ya mwezi mzima), ada ndogo ya kuhuisha mkataba, na ada ya kusimamia matengenezo makubwa. Ada ya kupata mpangaji ina mtego wake. Ikiwa ndiyo inayokulisha, utafaidika kila mpangaji anapohama, na mwenye nyumba atalitambua hilo mapema kuliko unavyodhani. Mimi napendelea kuitoza na kuahidi kwa maandishi kwamba mpangaji akiondoka au kuondolewa kabla ya miezi 6, nitamtafuta mwingine bila malipo. Ahadi hiyo inakufanya uchuje watu vizuri.

Usijenge biashara juu ya kuwatoza wapangaji ada za maombi, za karatasi na za ukaguzi. England ilipiga marufuku sehemu kubwa ya ada za namna hiyo kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na hakuna nchi iliyojifunga kutofanya vivyo hivyo kesho.

Hatua ya 2: Sheria, leseni na bima

Hapa sitakaa sana kwa sababu kila nchi ina yake, lakini usianze kabla ya kupata majibu ya maswali haya kutoka kwa wakili au mamlaka husika: Je, kusimamia mali ya mtu mwingine kwa malipo kunahitaji leseni? Katika majimbo mengi ya Marekani kunahitaji leseni ya udalali wa mali isiyohamishika. England haina leseni kama hiyo kwa nyumba za makazi, lakini wakala anayeshika fedha za wateja lazima awe kwenye mpango ulioidhinishwa wa kulinda fedha hizo. Je, amana ya mpangaji ina ukomo na masharti? Nchini Ujerumani haiwezi kuzidi kodi ya miezi 3, bila kuhesabu gharama za huduma. Nchini England ni lazima iwekwe chini ya mpango wa ulinzi ndani ya siku 30. Je, notisi ya kupandisha kodi au kumwondoa mpangaji ni ya muda gani, na inatolewa kwa namna gani ili mahakama iitambue?

Sajili kampuni iliyo tofauti na wewe binafsi. Kata bima ya dhima ya kitaaluma, ile inayolipa ukikosea ushauri au ukisahau jambo na mteja akadai. Hakikisha pia mwenye nyumba ana bima ya jengo, na uombe nakala.

Hatua ya 3: Tenganisha fedha

Msimamizi anaweza kunusurika akiwa na tovuti mbaya au ofisi ndogo. Hanusuriki akichanganya fedha. Fungua akaunti tatu za benki kabla hujapokea hata senti moja: ya kwanza ni ya biashara yako, ya pili ya kodi za wateja, ya tatu ya amana za wapangaji. Pale sheria inapotaka amana ikae kwa chombo maalumu, ipeleke huko.

Ndani ya akaunti ya kodi, kila mwenye nyumba awe na leja yake, yaani daftari la fedha zake zinazoingia na kutoka, na kama ana nyumba kadhaa, kila nyumba iwe na ukurasa wake. Kanuni ni moja na haina msamaha: usilipe chochote kwa niaba ya nyumba ambayo leja yake haina salio. Uharibifu huwa unaanza kwa nia njema. Bomba limepasuka nyumba ya fulani, kodi yake haijaingia, fundi anasubiri, na benki kuna fedha. Unamlipa fundi. Fedha hizo lakini ni za mwenye nyumba mwingine, na umemkopesha mtu mali isiyo yako. Mwezi ujao tundu linazibwa kwa fedha za mtu wa tatu, na baada ya mwaka hakuna anayejua tundu lilianzia wapi.

Dawa yake ni akiba ya kila nyumba. Mwambie mwenye nyumba tangu mwanzo aache kiasi fulani kwenye leja yake, kwa mfano nusu ya kodi ya mwezi, ambacho hakiguswi ila kwa matengenezo ya dharura na hurudishiwa siku anapoondoka kwako. Kiasi hicho kikitumika, kijazwe kutoka kodi inayofuata kabla hajalipwa yeye.

Kila mwisho wa mwezi linganisha hesabu tatu:
– salio la benki kwenye akaunti ya wateja, baada ya kuondoa hundi na malipo ambayo hayajapita na kuongeza fedha zilizo njiani;
– salio la daftari lako la fedha kwa akaunti hiyo;
– jumla ya salio la leja zote za wenye nyumba.

Zote tatu lazima ziwe sawa kabisa. Zikitofautiana, hata kwa kiasi kidogo, usimlipe mwenye nyumba yeyote mpaka umepata sababu, kwa kuwa tofauti ndogo inaweza kuwa makosa mawili makubwa yanayofunikana. Ada yako uihamishe mara moja kwa mwezi, kwa mkupuo, ukiwa na orodha inayoonyesha imetoka kwenye leja gani na kwa kodi ipi. Usichote kidogokidogo kila unapoishiwa.

Ukiwa na nyumba chini ya kumi, lahajedwali inatosha kama una nidhamu. Zikizidi hapo, lipia programu ya usimamizi wa nyumba yenye leja za wateja ndani yake. Programu ya kawaida ya uhasibu wa duka haikufanyi uone kwa urahisi fedha ya nani iko wapi.

Hatua ya 4: Mchague mwenye nyumba

Wanaoanza humchuja mpangaji kwa makini na kumpokea mwenye nyumba yeyote anayebisha hodi. Ifanye kazi hiyo kinyumenyume. Mpangaji mbaya ataondoka, lakini mwenye nyumba asiyetaka kutengeneza kitu atakusumbua kupitia kila mpangaji utakayemweka.

Katika mazungumzo ya kwanza muulize aliachana vipi na msimamizi aliyepita, ni lini mara ya mwisho aligharamia ukarabati, anategemea kodi hii kulipa mkopo au la, na angefanya nini kama nyumba ingekaa tupu miezi miwili. Msikilize anavyowataja wapangaji wake. Anayesema wote walikuwa wezi atakuweka wewe kwenye orodha hiyohiyo. Anayetegemea kila senti ya kodi kulipa benki hana akiba, kwa hiyo kila bomba litakuwa ugomvi. Kisha iangalie nyumba yenyewe kabla ya kukubali: paa, mabomba, nyaya, kufuli, mtiririko wa maji machafu. Kama si salama kuishi, mpe orodha ya marekebisho yanayotakiwa kwanza. Akikataa, mshukuru na uondoke.

Mkataba wa usimamizi uandikwe kwa lugha anayoielewa, na usikose mambo yafuatayo: ada zote na zinakatwa lini, kwamba ada ya usimamizi inatozwa kwenye kodi iliyokusanywa au iliyopaswa kukusanywa (ya kwanza ni ya haki zaidi na inakuza imani), kiasi unachoweza kutumia kwa matengenezo bila kumwuliza, uwezo wa kushughulikia dharura papo hapo hata kama hapatikani kwa simu, akiba ya nyumba, tarehe ya kumlipa, nani anasaini mkataba wa upangaji, na jinsi kila upande unavyoweza kuvunja mkataba. Mimi ningeweka notisi fupi, ya siku 30 au 60, bila faini kubwa. Mteja unayemshikilia kwa faini hatakuletea mteja mwingine.

Hatua ya 5: Ipokee nyumba

Siku ya kupokea nyumba, piga picha na video za kila chumba, dari, sakafu, ndani ya makabati, chini ya masinki na kila kifaa pamoja na namba yake. Soma mita zote. Tafuta koki kuu ya maji, swichi kuu ya umeme na valvu ya gesi kama ipo, uzipige picha na uandike ziko wapi. Ukipigiwa simu usiku wa manane kwamba maji yanafurika, taarifa hiyo moja itaokoa dari na zulia, kwa sababu utamwelekeza mpangaji afunge koki wakati fundi bado yuko njiani.

Weka ufunguo kwa msimbo, usiwe na lebo yenye anwani.

Hatua ya 6: Jaza nyumba kwa bei sahihi na mtu sahihi

Mwezi mmoja mtupu ni sehemu moja kati ya 12 ya mwaka, yaani takribani asilimia 8.3 ya kodi yote. Mwenye nyumba anayeng'ang'ania bei ya juu na kukaa mwezi mzima bila mpangaji anapata kodi za miezi 11. Yule aliyeshusha bei kwa asilimia 5 na kujaza mara moja anapata sawa na kodi za miezi 11.4. Mwandikie hesabu hii kwenye karatasi mbele yake; inashawishi kuliko maneno. Tazama nyumba zinazofanana na yake zilizopangishwa hivi karibuni, kwa kuwa zile zilizo kwenye matangazo kwa muda mrefu zinaonyesha tu bei ambazo watu wamezikataa.

Kama wiki mbili zimepita na simu ni chache, tatizo ni bei au picha. Kama simu ni nyingi na watu wanakuja kisha hawarudi, tatizo liko ndani ya nyumba: harufu, giza, rangi, jirani. Rekebisha hilo kabla ya kugusa bei.

Vigezo vya kumkubali mpangaji viandikwe na vitumike kwa kila mwombaji bila upendeleo, kwa mpangilio wa waliotimiza maombi kwanza. Hii inakulinda dhidi ya madai ya ubaguzi, na inamlinda mwombaji dhidi ya hisia zako. Vigezo vya kawaida ni kipato kinachofika mara tatu ya kodi, historia ya kulipa, na kitambulisho halali. Pale watu wanapojiajiri, taarifa za benki za miezi sita zinasema kweli kuliko barua yoyote.

Thibitisha kila kitu kwa njia yako mwenyewe. Namba ya mwajiri itafute wewe, usitumie ile aliyoandika mwombaji. Na unapouliza kuhusu tabia yake, zungumza na mwenye nyumba wa kabla ya huyu wa sasa, maana wa sasa anaweza kumsifia ili amwondoe. Swali moja linatosha: ungempangisha tena? Ukimya baada ya swali hilo uusikilize.

Funguo zisitoke mpaka kodi ya kwanza na amana ziwe zimeingia benki na kuthibitika. Mpitishe mpangaji mpya kwenye nyumba ukiwa na hati ya hali ya nyumba, asaini kila ukurasa, na umpe siku 7 za kuongeza kasoro alizoziona baada ya kuhamia.

Hatua ya 7: Kodi iwe na ratiba isiyobadilika

Huruma bila utaratibu inamuumiza hata mpangaji, kwa sababu deni la mwezi mmoja linalipika na la miezi mitatu halilipiki. Amua ratiba na uifuate kwa kila mtu: ukumbusho siku 3 kabla, ujumbe siku moja baada ya tarehe kupita, simu siku ya tatu, ambayo ni ya kuuliza kuna nini, barua rasmi siku ya saba, notisi ya kisheria mapema kadiri sheria inavyoruhusu. Ukikubaliana na mpangaji alipe kidogokidogo, andika tarehe na kiasi, asaini, na mwenye nyumba ajulishwe. Makubaliano yakivunjwa mara moja, ratiba inaendelea pale ilipoishia.

Usikate maji wala umeme, usibadilishe kufuli, usitoe vitu nje ili kumshinikiza mpangaji. Katika nchi nyingi ni kosa, na linaweza kumgeuza mdaiwa kuwa mdai. Na zaidi ya sheria, ndani kuna watu wanaoishi humo.

Pokea kodi kwa njia zinazoacha alama, yaani benki au malipo ya simu, na kila malipo yawe na kumbukumbu ya nyumba. Fedha taslimu zinazopita mikononi mwa mlinzi au mtunza jengo ni njia ya hakika ya kupoteza fedha na mlinzi.

Hatua ya 8: Matengenezo ndiyo yanayoamua

Wapangaji wanakaa au wanahama kwa sababu ya matengenezo, wenye nyumba wanakuamini au wanakuacha kwa sababu ya matengenezo, na humo ndimo saa zako nyingi zinakwenda. Fungua njia moja tu ya kupokea taarifa za uharibifu, iwe fomu au namba moja, na uombe picha au video kila mara. Panga kazi kwa madaraja. Harufu ya gesi, maji yanayofurika, nyaya zinazotoa cheche na mlango wa nje usiofungika ni vya saa hiyohiyo. Choo pekee kilichoziba, jiko au maji ya moto vilivyokatika ni ndani ya siku moja au mbili. Vingine vyote vipewe tarehe, na mpangaji aambiwe tarehe hiyo. Watu huvumilia kusubiri wakijua wanasubiri nini.

Kwa kila fani uwe na angalau mafundi wawili, ili mmoja akiugua au akipandisha bei usikwame. Kagua kama wana bima na vibali vinavyotakiwa. Mlipe fundi upesi. Fundi anayelipwa ndani ya wiki huja usiku unapomwita. Usimlipe kabla ya kuona picha za kabla na baada, pamoja na risiti za vifaa.

Kuhusu kamisheni kutoka kwa mafundi, msimamo wangu ni mkali. Kama unatoza asilimia fulani kwa kusimamia kazi, iandike kwenye mkataba na ionekane kwenye taarifa. Kupokea chochote kwa siri kutoka kwa fundi ni kumwibia mwenye nyumba, na siku fundi atakapogombana nawe, mwenye nyumba ndiye wa kwanza kuambiwa.

Kinga inapunguza simu. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 11,000 za maji kwa mwaka, na kipira kipya cha kuzibia bomba ni kitu kidogo mno. Kila ukaguzi wa nusu mwaka, ukitoa notisi ya maandishi kwanza, tazama chini ya masinki, silikoni ya bafuni, mifereji ya paa, vichujio vya kiyoyozi, na king'ora cha moshi. King'ora kijaribiwe kila mwezi na kibadilishwe kikitimiza miaka 10. Wakati wa ukaguzi muulize mpangaji swali moja: kuna kitu kidogo ambacho hukutaka kunisumbua nacho? Majibu ya swali hilo ndiyo yanayozuia matengenezo makubwa ya mwakani.

Hatua ya 9: Taarifa ya kila mwezi

Ukurasa mmoja unatosha: kodi iliyoingia, makato na risiti zake, salio la akiba, kiasi alicholipwa mwenye nyumba na tarehe. Itume tarehe ileile kila mwezi. Habari mbaya usizingoje taarifa. Mpigie simu siku hiyohiyo.

Hatua ya 10: Kuhuisha, kuhama na amana

Anza mazungumzo ya kuhuisha siku 90 kabla mkataba kuisha. Mpangaji anayelipa na kutunza nyumba ana thamani kubwa kuliko nyongeza ya kodi: akiondoka, utalipia siku tupu, rangi, usafi na matangazo. Pendekeza nyongeza ya wastani inayoeleweka, na umshauri mwenye nyumba akarabati kitu kimoja ambacho mpangaji amekuwa akikitaja.

Akihama, fanya ukaguzi naye mkiwa na hati ya siku ya kuingia. Uchakavu wa kawaida, kama rangi iliyopauka au zulia lililolala kwa kukanyagwa, haukatwi kwenye amana. Shimo ukutani linakatwa, kwa risiti. Kifaa chenye umri kikatwe kwa thamani iliyobaki: zulia la maisha ya miaka 10 lililoungua baada ya miaka 8 halidaiwi kama jipya, linadaiwa sehemu ya tano tu. Rudisha salio na mchanganuo wa maandishi ndani ya muda wa kisheria.

Hatua ya 11: Kukua, na kuachana na wateja

Usiajiri kwa sababu umechoka; ajiri pale orodha yako ya saa inapoonyesha kazi gani inakuzuia kuongeza nyumba. Mara nyingi ni kupokea simu za matengenezo na kuonyesha nyumba, na hizo mbili zinafundishika haraka zikiwa na maelekezo ya maandishi. Kulinganisha hesabu tatu za fedha usimwachie mtu yuleyule anayefanya malipo. Ongeza nyumba zilizo karibu na zile ulizo nazo, kwani safari ya kuvuka mji kwa nyumba moja inameza ada yake.

Mara mbili kwa mwaka rudia hesabu ya ada kwa saa, ukipanga nyumba kuanzia ya juu hadi ya chini. Zilizo mwisho wa orodha ziwekewe ada mpya au masharti ya ukarabati, na mwenye nyumba asiyekubali apewe notisi. Unapoachana naye, kabidhi kwa karatasi: funguo kwa idadi na saini, mikataba ya upangaji, hati za hali ya nyumba, leja iliyofungwa hadi tarehe ya mwisho, akiba yake, na amana zikihamishwa kwa njia inayokubalika kisheria. Waandikie wapangaji siku hiyohiyo, barua yenye saini yako na ya mwenye nyumba, ukiwaeleza kodi inayofuata ilipwe wapi na amana yao inashikiliwa na nani. Baki na nakala za kila kitu kwa miaka inayotakiwa na sheria ya kodi ya mapato na ya madai.